Kilo ya barafu na kilo ya maji ya nyuzi sifuri

Chukua samaki kilo 10 waliovuliwa mchana, miili yao ikiwa na nyuzi 28 hivi za Selsiasi kama maji ya bahari yetu yalivyo miezi mingi ya mwaka. Wafunike kwa kilo 3 za barafu ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Barafu itayeyuka karibu yote, na samaki watashuka hadi kukaribia nyuzi 0. Sasa chukua samaki wengine kilo 10 na uwamiminie, badala ya barafu, kilo 3 za maji yaliyopozwa mpaka nyuzi 0 kamili. Ukitumbukiza kipimajoto kwenye barafu ile na kwenye maji haya kabla ya kuanza, kitaonyesha namba ileile. Uzito nao ni uleule. Lakini samaki wa kundi la pili wataishia nyuzi 21, na katika joto hilo bakteria hawana haja ya kusubiri kesho.

Nimeanza na samaki kwa sababu hapo jambo linaonekana kwa macho na kwa hasara. Barafu na maji vilikuwa na halijoto moja na uzito mmoja, kisha kimoja kikafanya kazi ambayo kingine hakikuweza. Maana yake ni kwamba anayenunua barafu kwenye soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, au kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria, hanunui ubaridi tu. Ananunua nafasi ya kumeza joto, na nafasi hiyo kipimajoto hakiioni.

Wengi wetu tulitoka shuleni tukiwa tumechanganya vitu viwili. Halijoto inatueleza jinsi molekuli za kitu zinavyotikisika kwa nguvu. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi. Mara nyingi viwili hivi hutembea pamoja, ndiyo maana tunavichanganya: ukiipa kilo 1 ya maji kilojuli 4.2 za joto, halijoto yake inapanda kwa uzi 1. Ukiipa mara kumi ya hizo, inapanda nyuzi 10. Barafu iliyo chini ya sifuri nayo hufuata kanuni hiyo, ila yenyewe inataka kilojuli 2.1 tu kwa kila uzi.

Ikifika sifuri, mwendo huo unakatika. Unaendelea kuipa barafu joto na kipimajoto hakisogei. Unaongeza, hakisogei. Mpaka kilo 1 ya barafu ya nyuzi 0 igeuke yote kuwa maji ya nyuzi 0, itakuwa imekula kilojuli 334. Birika la umeme la wati 2,000 lingehitaji karibu dakika tatu kutoa joto hilo, na baada ya dakika hizo zote hujapata hata uzi mmoja wa kuonyesha. Joto hilohilo likiingia kwenye kilo 1 ya maji ambayo tayari ni maji, lingeyatoa kwenye nyuzi 0 hadi nyuzi 80, maji ya kuunguza mkono.

Limekwenda wapi? Katika barafu, kila molekuli ya maji imeshikwa na jirani zake wanne, na mshiko huo una mpangilio maalumu: pembe zake hazibadiliki na katikati yake kuna uwazi mwingi. Ni kama wacheza ngoma walioshikana mikono kwenye duara wakiwa wameinyoosha; wanatawala uwanja mpana kuliko wakiachana na kusogeleana. Joto linaloingia wakati wa kuyeyuka halizidishi mtikisiko. Linatumika kuilegeza mishiko hiyo. Baadhi inakatika, mingine inapinda, na molekuli zinaanza kuteleza zikipita katikati ya wenzao. Kazi imefanyika kwenye mpangilio, kwa hiyo kipimajoto, ambacho kinajua mtikisiko tu, hakina cha kusema. Hapo hapo utaona kwa nini barafu huelea na kwa nini chupa ya kioo iliyojazwa pomoni hupasuka ndani ya friza: maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9.

Aliyeliona jambo hili kwa vipimo ni Joseph Black, aliyekuwa profesa Glasgow, Uskoti. Kabla yake watu wenye elimu waliamini kwamba barafu ikishafika ukingoni mwa kuyeyuka, joto dogo tu la ziada linatosha kuimaliza. Black alikuwa na pingamizi ambalo mimi naliona zuri kuliko hata jaribio lake: kama ingekuwa hivyo, theluji yote ya milimani ingegeuka maji kwa mpigo siku ya kwanza ya joto, na kila mwaka mafuriko yangefagia mabonde. Haiwi hivyo. Theluji huchukua majuma kuisha.

Mnamo 1761 alining'iniza vyombo viwili vya kioo katika ukumbi mmoja, kimoja kikiwa na maji yaliyokaribia kuganda, kingine kikiwa na barafu ya uzito uleule. Maji yalipanda nyuzi 7 za Farenhaiti kwa nusu saa. Chombo cha barafu kilifika halijoto ileile baada ya saa kumi na nusu, yaani mara 21 ya muda huo. Hewa ya ukumbini ilikuwa moja, vyombo vilifanana, kwa hiyo joto lililoingia kila nusu saa halikutofautiana sana. Mara 21 kwa nyuzi 7 ni 147. Kipimajoto cha upande wa barafu kilipanda 8 tu, kwa kuwa barafu ilianzia uzi mmoja chini ya yale maji. Zile 139 zilizobaki, sawa na nyuzi 77 za Selsiasi, zilikuwa zimeingia na kufichika. Vipimo vya leo vinasema 80. Kwa vyombo viwili vya kioo na saa, mtu huyu alikosea kwa asilimia 4. Aliliita joto fiche, na jina limebaki mpaka leo, ingawa mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1803 wakati yeye alikwishafariki.

Ukilishika hili, mambo mengi ya soko la barafu yanajieleza. Kuna wauzaji wanaosifu barafu yao kwamba imeganda sana, inatoka kwenye mtambo wa baridi kali. Barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri inameza kilojuli 21 tu zaidi kwa kilo kabla haijafika sifuri, na 21 mbele ya 334 ni kidogo. Kinachopaswa kumshtua mnunuzi ni maji. Gunia la barafu lililoloa, ambalo robo ya uzito wake tayari ni maji, limepoteza robo ya nguvu yake hata kama ukiligusa ni baridi ileile. Na zile kilo 3 kwa samaki kilo 10 nilizotaja mwanzoni ni za hesabu safi, bila jua kupiga sanduku wala kifuniko kufunguliwa kila mteja akija. Katika nchi za joto ushauri wa kawaida kwa wavuvi ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na sioni pa kubana hapo. Barafu iliyosagwa hupoza haraka kwa kuwa inagusa samaki kila upande. Pande kubwa hukaa muda mrefu lakini samaki wa pembeni hawapati kitu.

Sasa tuingie zahanati, kwa sababu huko ule ukimya wa kipimajoto unaokoa maisha ya watoto. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinapungua nguvu, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana nje ya wahudumu wa afya ni kwamba baadhi ya chanjo, kama ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na ile ya pentavalenti (inayokinga magonjwa matano kwa pamoja), huharibika kabisa zikiganda. Zina chembe za chumvi ya alumini ambazo baridi ya kugandisha huzifanya zishikane, na hata zikiyeyuka tena hazirudi kama zilivyokuwa. Pakiti za barafu zikitolewa kwenye friza zikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na kupangwa moja kwa moja kwenye kasha la chanjo, zinaweza kuziua chanjo hizo njiani huku muuguzi akiamini amezilinda.

Suluhisho linalofundishwa halihitaji kifaa chochote. Pakiti zinaachwa mezani zitoke jasho, kisha muuguzi anaitikisa moja karibu na sikio. Akisikia maji yakicheza ndani, pakiti iko tayari. Fikiria sikio hilo linapima nini. Palipo na maji na barafu vikigusana, halijoto ni nyuzi 0, si chini ya hapo, na itabaki hapo mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiishe, joto la nje litake lisitake. Kila kilo ya barafu iliyobaki bado ina kilojuli zake 334 za kumeza njiani kuelekea kijijini. Katika mnyororo baridi mzima, yaani safari yote ya chanjo ikitunzwa kwenye ubaridi, wenye majokofu ya sola na vipimajoto vya kielektroniki, sijui hatua nyingine inayotumia fizikia kwa unyofu kama hiyo.

Hadi hapa tumeyeyusha. Kuganda ni safari hiyohiyo kinyumenyume, na ndiko watu wengi wanakoduwaa, kwa kuwa maji yanapoganda yanatoa joto. Zile kilojuli 334 zilizofichika lazima zitoke, na zisipopata pa kwenda maji hayagandi. Anayetengeneza barafu za ubuyu nyumbani anakutana na jambo hili kila siku. Tuseme ameingiza lita 20 zenye nyuzi 28 na anataka zifike nyuzi 10 chini ya sifuri. Kuzishusha hadi sifuri kunataka kuondoa kilojuli 2,340 hivi. Kutoka sifuri kwenda chini baada ya kuganda, ni kama 420. Katikati, kugandisha peke yake, ni 6,680, yaani zaidi ya theluthi mbili za kazi yote na za umeme wote. Ndiyo maana mifuko inapoa upesi kisha inaonekana kama imegoma. Haijagoma. Friza inahamisha joto usiku kucha, ila hakuna namba inayobadilika.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuingiza mifuko mipya yenye joto juu ya ile iliyokaribia kukamilika. Kila kilo ya maji ya nyuzi 28 ina joto la kutosha kuirudisha theluthi ya kilo ya barafu kuwa maji. Kwa upande mwingine, barafu iliyokwisha tengenezwa ni akiba umeme ukikatika. Kama joto linalopenya kuta za friza ni wati 40, lita 10 za maji yaliyoganda kwenye chupa zitalimeza kwa karibu saa 23, na ndani patabaki karibu na sifuri muda wote huo. Hata viyoyozi vinapimwa kwa barafu: kile cha BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), ambacho mafundi hukiita cha tani moja, kinaondoa joto linalolingana na kuyeyusha kilo 907 za barafu kwa siku. Hiyo ni tani ya Kimarekani, na imebaki tangu enzi ambazo majengo yalipozwa kwa barafu yenyewe.

Wakulima wa stroberi huko Florida wanalitumia joto hili la kuganda kwa namna inayoonekana kama kichaa. Usiku wa sakitu wanamwagilia mashamba. Maji yanaganda juu ya maua na matunda, na kila kilo inayoganda inaachia kilojuli 334 papo hapo juu ya mmea, ambao unabaki kwenye sifuri badala ya kushuka hadi baridi inayoua. Ila hawathubutu kuzima pampu mapema. Maji yakiacha kuja, yaliyopo yanaanza kuvukiza, na kuvukiza kwa kilo 1 kunachukua takriban kilojuli 2,500. Kilo moja inayopotea hewani inafuta joto lililotolewa na kilo saba na nusu zilizoganda, na mmea unapozwa kuliko kama usingemwagiliwa kabisa.

Kuna jambo jingine kuhusu kuganda ambalo kuyeyuka hakuna. Barafu haiwezi kupita nyuzi 0 bila kuyeyuka, lakini maji yanaweza kupita nyuzi 0 kwenda chini bila kuganda. Mshiko wa kwanza unahitaji pa kuanzia: punje ya vumbi, mkwaruzo kwenye chupa, kipande kidogo cha barafu. Maji safi yakikosa mahali hapo hubaki maji hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na matone madogo mawinguni hufika karibu nyuzi 38 chini. Kisha kitu kidogo kinayagutua. Hapo kipimajoto kinaruka kwenda juu, hadi sifuri, huku barafu ikichipuka mbele ya macho yako, kwa sababu joto fiche limeachiwa kwa ghafla. Maji yaliyokuwa nyuzi 8 chini huganda asilimia 10 tu kwa mruko huo, kisha yanasubiri friza iondoe joto la zile 90 zilizobaki.

Hapa ndipo mahali pa kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto kwa kuogopa kukosa nafasi, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyewatembelea. Osborne alilijaribu badala ya kulicheka, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa hadi sifuri haraka zaidi. Kwangu, sehemu kubwa ya ugomvi inakaa kwenye swali la kuganda ni lini: ni kufika sifuri, ni kutokea kwa chembe ya kwanza ya barafu, au ni kumalizika kwa tone la mwisho? Kati ya nyakati hizo tatu kuna saa nyingi na karibu joto lote. Chombo cha moto kinaweza kupoteza maji kwa mvuke, kinaweza kuyeyusha utando wa barafu ulio chini yake na kukaa vizuri zaidi kwenye chuma baridi, na maji ya jirani yake yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuanza. Mambo hayo yakibadilika kidogo, mshindi anabadilika. Kijana wa kidato cha tatu aliona kwa macho yake kitu ambacho maabara hadi leo zinahangaika kukipata kila zinapokirudia, na hilo halimpunguzii lolote.

Chumvi nayo ina mtego wake. Ukiinyunyizia barafu ya nyuzi 0, mchanganyiko unakuwa baridi zaidi, na ukiweka chumvi kama asilimia 23 unaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri. Chumvi haikuleta baridi yoyote. Inazizuia molekuli za maji zisirudi kwenye mpangilio wa barafu, kwa hiyo barafu inaendelea kuyeyuka hata chini ya sifuri, na kuyeyuka kunataka joto. Lisipopatikana nje, linachotwa ndani ya mchanganyiko wenyewe. Watengenezaji wa aiskrimu waliishi kwa ujanja huo kabla umeme haujafika.

Kilele cha Kibo, mita 5,895, juu ya Mlima Kilimanjaro, kina kisa cha peke yake. Kati ya mwaka 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu lilitoweka, kwa vipimo vya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake. Tunaposikia hivyo tunafikiria barafu ikitiririka kama maji, lakini sehemu kubwa huondoka bila kupita kwenye maji kabisa. Hewa ya huko juu ni kavu, na halijoto yake kwa kawaida iko chini ya sifuri. Jua la ikweta linapiga barafu, na molekuli zinaruka moja kwa moja kuwa mvuke. Njia hiyo ni ghali sana: inachukua kilojuli 2,834 kwa kilo, mara nane na nusu ya kuyeyuka.

Kwa hiyo ukavu una pande mbili. Unainyima barafu theluji mpya, ile nyeupe inayorudisha mwanga wa jua angani, na ndiyo maana watafiti Georg Kaser na Thomas Mölg wameweka uzito mkubwa kwenye kupungua kwa unyevu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Papo hapo, ukavu huohuo unalilazimisha jua kulipa mara nane na nusu kwa kila kilo linayoondoa. Halijoto ikipanda kiasi cha kufika sifuri mara nyingi zaidi, hasa kwenye kuta za barafu zilizosimama wima zikitazama jua, punguzo linaanza: nishati iliyokuwa ikiondoa kilo 1 kwa mvuke sasa inatosha kuyeyusha kilo nane na nusu. Hilo haliwezi kusomwa kwa kipimajoto peke yake, na kituo cha hali ya hewa kilichosimikwa mwaka 2000 juu ya uwanda wa barafu wa kaskazini kilipima pia unyevu, upepo na mionzi ya jua inayoingia na inayorudishwa.